Ami yangu ni polisi wa korti Malindi. Naweza kushinda naye kazini siku moja?

"Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana na nakaa Muyeye, Malindi. Ami yangu ni askari polisi na kazi yake ni kulinda mahakama. Natamani kazi hiyo tangu nikiwa shule, na ami amekubali nifuatane naye siku moja, asubuhi mpaka jioni, nione anavyoifanya. Mama hataki. Anasema kortini ni mahali pa wahalifu, na tangu hakimu apigwe risasi kule Nairobi hana imani kabisa. Rafiki yangu naye anasema ile ni kazi ya wanaume wenye miili, mwanamke atawekwa ofisini tu. Na mimi navaa buibui na nikabu, sijui langoni itakuwaje. Je, ruhusa ya ami inatosha? Nitafika mpaka seli? Na siku hiyo itanisaidia kuajiriwa?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini nikisoma barua yako naona kinachokusumbua hasa ni kufika pale ukiwa mgeni, usijue pa kusimama, uzuiwe mlangoni au umtie ami wako aibuni. Hilo lina dawa. Nimefanya kazi ya ulinzi wa mahakama hapa Pwani mpaka nikastaafu, na vijana wengi wameletwa mikononi mwangu wakiwa wapya. Nitakujibu kama ambavyo ningemjibu binti yangu.

Nianze na ruhusa. Ya ami haitoshi, na si kwa sababu cheo chake ni kidogo. Usalama wa mahakama hauna mkubwa mmoja. Ndani ya chumba cha kesi anayeamuru ni hakimu au jaji: nani akae, nani atoke, nani anyamaze. Ami wako hupangiwa kazi na mkuu wake wa polisi, na ndiye anayemjibu. Mahabusu wanaoletwa kutoka gerezani wako chini ya askari jela, ambao ni idara nyingine yenye wakubwa wake. Jengo lenyewe, yaani milango, ofisi, funguo na vyumba, liko chini ya msimamizi wa mahakama. Ami anafanya kazi katikati ya wote hao, na kila mmoja ana haki ya kuuliza, "Huyu msichana ni nani na ameingiaje?" Akikupitisha kwa mlango wa nyuma kwa kuwa wewe ni mtoto wa nduguye, amefungua njia ileile ambayo ameajiriwa kuifunga, na likitokea lolote siku hiyo, hata lisilokuhusu, kazi yake iko hatarini.

Kwa hiyo andika barua, ukurasa mmoja tu. Taja jina lako, namba ya kitambulisho, shule uliyomaliza, jina la afisa unayetaka kufuatana naye, na siku mbili au tatu zinazokufaa ili wachague. Kama hujatimiza miaka 18, mzazi atie sahihi. Ipeleke kwa msimamizi wa mahakama, na ami apeleke nakala kwa mkuu wake. Halafu ongeza sentensi ambayo wengi huisahau: sema kama wewe, au mtu wa familia yenu, ana kesi yoyote katika mahakama ile, iwe ya jinai, ya shamba au ya mirathi kwa Kadhi. Ikiwa ipo, usiende kabisa mpaka imalizike. Upande wa pili wakikuona umesimama ubavuni mwa askari, wataamini kesi imeshauzwa, na hakuna atakayewatoa imani hiyo.

Sasa hofu ya mama. Usimwambie kwamba anaogopa bure, maana haogopi bure. Tarehe 13 Juni 2024, katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, Hakimu Mkuu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini, na akafariki kutokana na majeraha. Aliyempiga alikuwa afisa wa polisi, mume wa mshtakiwa ambaye hakimu alikuwa amemfutia dhamana muda mfupi kabla. Sisi tuliokuwa katika kazi hii tuliumia sana, na tangu hapo suala la nani anaingia na silaha mahakamani limechukuliwa kwa uzito mwingine kabisa.

Lakini mwombe mama aitazame habari ile kwa makini, kwa sababu inapingana na anachoamini. Risasi haikutoka kizimbani. Mshtakiwa aliyeletwa kizimbani kutoka rumande ndiye mtu aliyepekuliwa kuliko wote pale ndani: amepekuliwa kituoni au gerezani, amepekuliwa tena alipofika, na kuna askari amesimama karibu naye. Hatari hutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumkagua, na huja saa ya uamuzi. Dhamana ikikataliwa, hukumu ikisomwa, mtoto akipewa mzazi mmoja na mwingine akaambiwa atamwona Jumamosi tu, hapo ndipo mtu aliyekuwa mpole tangu asubuhi hugeuka. Ndiyo maana askari mzuri wa mahakama hamkagui mtu kwa sura wala kwa sare. Anawakagua wote, na ami wako atakukagua na wewe pia. Usikasirike, na usimwambie "lakini ami, si ni mimi?" mbele ya watu.

Hapa nitakaa kidogo, maana kazi yenyewe ndiyo uliyotaka kuiona, na watu wengi hawaijui.

Huanza kabla umma haujaingia. Kesi zinaanza saa tatu, lakini mapema zaidi askari ameshapita chumba kwa chumba. Anainama chini ya mabenchi, anatazama ndani ya kizimba, nyuma ya mapazia, vyoo, madirisha, mitungi ya maua. Anachotafuta ni kitu chochote ambacho jana hakikuwepo. Kisha linakuja karandinga la gereza, na kutoka vituoni wanaletwa waliokamatwa usiku. Hapo utaona kazi ya daftari: kila jina linasomwa, mtu anaitika, linalinganishwa na hati yake, wanahesabiwa wakishuka na watahesabiwa tena wakipanda. Inachosha kuitazama, lakini mtu mmoja akipungua katika hesabu ya jioni, hakuna anayekwenda nyumbani.

Langoni ndiko utakakoiona Malindi yetu. Mgema atakuja na kotama yake, kile kisu cha kugemea, kiunoni, amepitia kortini akitoka mnazini. Mvuvi ana kisu kwenye kikapu. Mama ametoka sokoni na wembe kwenye pochi. Hawa si wahalifu, wamekuja na vyombo vyao vya kazi kwa sababu kesi imewakatiza siku. Askari asiyejua kazi atawafokea. Anayejua atachukua kotama, ataiweka mahali palipofungwa, ataandika jina la mwenyewe, na atamwambia aichukue akitoka. Akiwa anajua Kigiriama, atamweleza mzee kwa Kigiriama. Yule mzee ataingia ndani ametulia, na askari ameshafanya nusu ya ulinzi wa siku nzima bila ya mtu kujua.

Halafu kuna kungoja, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa nilipokuwa kijana. Fujo za mahakamani hupikwa nje, barazani. Watu wameitwa saa mbili, kesi yao huenda ikaitwa saa sita au isiitwe kabisa. Kuna joto, wana njaa, wametumia nauli kutoka Magarini au Ganda, na wameketi benchi moja na wale wanaogombania nao shamba. Kesi za ardhi hapa kwetu ni nyingi na ni za muda mrefu, nyingine zimerithiwa kutoka kwa baba. Kesi za ndoa na mirathi ni chungu zaidi, kwa sababu wanaogombana walikula sinia moja. Ukiniuliza mimi, ningependa kumlinda hakimu anayesikiza wizi wa mabavu kuliko anayegawa watoto wa waliotalikiana. Mwizi amekuja akijua huenda akafungwa. Mzazi hakuja akijua atapoteza mtoto.

Kwa hiyo mtazame ami wako barazani, uone anavyowatenganisha watu bila kuwaaibisha. Atamwambia shahidi, "Njoo ukae huku, kuna kivuli," kumbe amemwondoa machoni mwa ndugu za mshtakiwa waliokuwa wakimkodolea. Na ndani, uamuzi ukikaribia kusomwa, mtazame miguu. Atakuwa amesimama mlangoni, kisha taratibu utamkuta yuko kati ya kizimba na benchi la familia, na hukumwona akihama. Ameona kitu. Pengine kijana ameacha kumtazama hakimu anatazama mlango. Pengine mama mmoja amefungua leso yake na kujifunga upya kiunoni, ameikaza kibwebwe. Mara nyingi linalofuata ni neno moja la upole sikioni, "Mama, twende nje tupate hewa," na limekwisha. Siku nzima inaweza kupita hivyo. Ukirudi nyumbani ukasema hukuona kitu, basi ujue ulikuwa na askari hodari.

Nguvu zinatumika, sikufichi. Kuna siku mtu anaruka kizimba. Lakini ni chache, na siku hiyo wewe hutakuwa na kazi yoyote ila kukaa pale ulipoambiwa ukae. Mkubaliane na ami tangu asubuhi: akikupa ishara, unatoka kwa mlango gani na unamngojea wapi. Usikimbilie alipo. Usishike pingu, usishike funguo, usimlindie mtu mlango hata kwa dakika moja, hata akikuomba yeye mwenyewe kwa haraka. Mwambie tu, "Ami, sikuruhusiwa."

Seli hutaingia, na ningeshangaa kama ungeruhusiwa. Waliomo hawajahukumiwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inawahesabu kuwa hawana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na heshima yao haistahili kutazamwa na mgeni aliyekuja kujifunza. Tena Malindi ni ndogo. Usishangae ukimwona jirani, mwalimu wako wa zamani au mtoto wa rafiki ya mama akishuka kwenye karandinga. Usimpungie mkono, usimpigie mtu simu, na jioni usilitaje jina lake nyumbani. Hukumu za wazi ni za umma, lakini askari hachukui sura za watu akaenda kuzisimulia, na siku ile umehesabiwa pamoja naye.

Vilevile kuna kesi utakazoambiwa utoke: za watoto, na nyingine ambazo hakimu ameamua zisikizwe faragha ili kumlinda shahidi. Toka bila kuuliza. Simu izimwe kabisa, na usipige picha yoyote bila idhini ya mahakama, hata ya ukuta. Kumtukana hakimu, kumtisha au kukatiza kesi makusudi kunaadhibiwa chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015. Najua hukusudii hayo, lakini kucheka kwa sauti ukiwa umekaa upande wa askari kunaweza kumfanya mtu aliye kizimbani aamini kwamba mnamcheka yeye.

Rafiki yako amekosea, na amekosea kwa jambo ambalo sheria imeshalimaliza. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Maana yake ni kwamba lango la mahakama lisilo na askari wa kike haliwezi kufanya kazi yake, hasa hapa kwetu ambako wanawake wengi huja na buibui. Nimeona mistari ya kina mama ikisimama juani kwa sababu askari wa kike ni mmoja na ameitwa kumsindikiza mahabusu wa kike. Kama ni uhaba, uhaba uko upande wenu.

Kuhusu nikabu yako: fika mapema, umwombe askari wa kike akuone uso na kitambulisho pembeni, mahali pa faragha. Ni jambo la kawaida, halina aibu kwako wala kwake. Vaa viatu vya chini visivyogonga sakafu, usichukue mkoba mkubwa, na chai unywe nyumbani, kwa sababu ami huenda asipate nafasi ya kula mpaka saa saba.

Chagua siku vizuri. Jumatatu nisingekushauri kwa mara ya kwanza. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, anafikishwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo waliokamatwa mwisho wa wiki hujazana Jumatatu asubuhi, na ami hatakuwa na pumzi ya kukueleza kitu. Jumanne mpaka Alhamisi kuna utulivu. Ukitaka kuona Mahakama Kuu pia, epuka tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, ambayo ni likizo yake, ingawa mahakimu huendelea. Na ujue baadhi ya mahabusu siku hizi hutajwa kesi zao kwa video wakiwa gerezani, kwa hiyo kizimba kinaweza kuwa kitupu kuliko ulivyotarajia.

Je, hii ndiyo njia bora ya kujifunza? Kwa kweli ningekuambia usianze nayo. Kesi zinasikizwa hadharani, na raia yeyote mwenye adabu anaweza kuketi na kusikiliza bila barua ya mtu. Nenda asubuhi mbili tatu ukae benchi la nyuma, umtazame askari na si wakili. Utaona mengi, hutamletea ami mzigo wowote, na utajua kama moyo wako unaistahimili kazi ya kusimama kimya muda mrefu namna ile. Baada ya hapo, siku ya kufuatana naye itakuwa na faida, maana utakuwa na maswali ya maana ya kumuuliza. Pia ulizia kama kuna siku mahakama inafungulia wananchi milango. Kamati za watumiaji wa mahakama huwakutanisha polisi, magereza, mawakili na raia, na kijana anayeuliza kwa heshima hukaribishwa.

Kuhusu ajira, siku hiyo haina cheti wala haikupandishi foleni. Huwezi kuomba moja kwa moja kuwa polisi wa korti: unaajiriwa kwanza kuwa polisi, unapelekwa mafunzoni, kisha unapangiwa kituo, na huenda kisiwe mahakama wala kisiwe Pwani. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka umri wa miaka 18 hadi 28, wastani wa D+ katika KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, na kwa wanawake urefu wa futi 5 na inchi 3. Soma tangazo litakapotoka, usitegemee maneno yangu. Magereza nao wana ajira yao, na askari jela huja mahakamani kila siku, kwa hiyo uizingatie njia hiyo pia. Kuandikishwa ni bure. Atakayekuambia kuna nafasi imehifadhiwa na inahitaji "kitu kidogo", hata akiwa amevaa sare, hata akiwa ni mtu wa nyumbani, ni mwizi. Usitoe hata shilingi, na umripoti.

Yapo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza, na kwa hayo nenda mwenyewe. Ukipata jibu la kukataliwa bila sababu, nenda kwenye dawati la huduma kwa wateja pale mahakamani na uulize kwa upole, pengine walihitaji sahihi moja tu. Ikiwa siku hiyo mtu atakufuata nje akutishe, au akuombe umpelekee mahabusu ujumbe, usimjibu. Mwambie ami hapohapo, si jioni. Na ikitokea umesikia ushahidi mzito, wa mtoto aliyenajisiwa au wa mauaji, ukarudi nyumbani hulali, usijikaze kwamba askari haogopi. Askari wenye miaka mingi kazini nao hulemewa. Zungumza na mshauri nasaha hospitalini, na uache wiki kadhaa zipite kabla ya kurudi.

Mama naye usimwache na maneno ya watu. Asubuhi ya kwanza ya kukaa benchi la nyuma, nenda naye. Awapitie askari wa kike wa langoni, apekuliwe kwa staha, akae ndani mpaka saa nne au saa tano, amwone ami akiwa kazini. Akitoka hapo akisema bado hataki, msikilize anachokitaja hasa, umweleze na ami, na barua ya maombi ingojee mpaka wawili hao wazungumze.